MASHINE TATU ZA GEMU, SANDUKU MOJA
Namna ya kuunganisha mashine za zamani bila kuchoma pesa ya kikundi



Safari hii tunaongea juu ya kitu ambacho wazee wengi husema ni cha watoto tu: mashine za gemu za zamani, zile za kuunganishwa na televisheni. Lakini pesa ya kikundi ikishaingia ndani ya kitu, hicho si cha watoto tena. Soma mpaka mwisho, halafu mjadiliane mkutanoni.

KISA CHENYEWE

Kikundi chetu cha vijana kiko upande wa Kiminini, kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye na Bungoma. Tulichanga kidogo kidogo tukanunua mashine tatu za mitumba ili tufungue kibanda cha gemu sokoni. Ya kwanza ilikuwa Nintendo ya Ulaya, ile ya kijivu iitwayo NES. Ya pili ilikuwa Sega Mega Drive ya toleo la kwanza. Ya tatu ilikuwa nakala ya Famicom, zile za bei nafuu ambazo watu wengi hapa kwetu walianza nazo. Televisheni ilikuwa moja, ya zamani, yenye mgongo mkubwa.

Wiki mbili mambo yalikuwa sawa. Halafu Jumamosi moja kijana wa zamu alichukua adapta ya NES akaichomeka kwa Mega Drive. Ilitoshea vizuri kabisa, na kwa sababu ilitoshea hakuwa na shaka. Alipowasha, harufu ya kuungua ikatoka, na mashine ikanyamaza.

Mkutano wa jioni hiyo ulikuwa mgumu. Mama mweka hazina aliuliza swali moja tu: "Pesa iliyoungua ni ya nani?" Wengine walitaka kijana alipe yote. Wengine walisema afadhali tugawane vilivyobaki, kila mtu aende kwake. Kikundi kilikuwa karibu kuvunjika kwa sababu ya adapta.

Tulimwendea mzee mmoja, fundi wa redio. Alifungua ile mashine akatuonyesha. Ndani yake kuna vipande viwili vidogo vinavyopunguza umeme uwe volti 5, na vilikuwa vimekufa. Kapasita moja ilikuwa imevimba. Alibadilisha vyote, mashine ikaamka. Halafu akatuambia, "Vijana wangu, msimlaumu huyu peke yake. Mna adapta tatu zinazofanana na matundu matatu yanayofanana. Hata mimi, kibanda kikijaa watu, ningekosea. Wekeni mashine zote ndani ya sanduku moja, adapta ibaki moja. Basi hakutakuwa na ya kukosea."

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa maana ya kuunganisha. Si mambo ya kujionyesha. Ni kuondoa nafasi ya kukosea.

KWA NINI ILIUNGUA?

Umeme wa ukutani hapa Kenya ni volti 240. Adapta huupunguza uwe kidogo. Lakini adapta hazifanani, hata kama vichwa vyake vinafanana. Angalia mambo manne kwenye kibandiko chake.

Kwanza, umeme unaoingia. Uko kwenye mstari wa INPUT. Mashine zilizotoka Japani huja na adapta za volti 100, na za Marekani volti 120. Ukichomeka adapta kama hiyo kwenye ukuta wetu, itaungua.

Pili, volti zinazotoka. Ziko kwenye mstari wa OUTPUT. Hizi lazima zilingane na zile mashine inazotaka.

Tatu, aina ya umeme. Herufi DC maana yake umeme unaenda upande mmoja tu, kama wa betri. Herufi AC maana yake umeme unaenda na kurudi. Adapta ya NES ya Ulaya hutoa volti 9 za AC. Mega Drive inataka DC. Hiyo ndiyo iliyotuchomea mashine.

Nne, upande wa chanya na hasi. Mega Drive ya kwanza inataka hasi iwe katikati ya kichwa cha adapta. Mega Drive ya pili, iliyokuja baadaye, inataka chanya katikati. Hizo nakala za Famicom usizikisie, soma kibandiko cha kila moja.

Na ampea je? Hapa wengi huchanganyikiwa. Volti ni kama nguvu ya kusukuma maji, ikizidi bomba hupasuka. Ampea ni kama ukubwa wa tangi. Tangi likiwa kubwa haliharibu kitu, mashine hunywa kiasi inachotaka tu. Kwa hivyo volti zilingane, lakini ampea za adapta zinaweza kuzidi. Zikipungua, adapta itapata moto.

NINI KINAUNGANISHWA, NA NINI HAKIUNGANISHWI

Vijana wetu walifikiri tutatoa ubongo wa mashine zote tatu tuuchanganye uwe mmoja. Fundi alicheka. Alisema, angalia soko la Kitale siku ya soko. Mbukusu analeta mahindi, Mpokot analeta mbuzi, kila mmoja na lugha yake. Hakuna anayewalazimisha wawe mtu mmoja. Wanachotumia pamoja ni soko, barabara na choo.

Ndivyo ilivyo kwa mashine hizi. Ubongo wa NES ni wa jamii ya chipu iitwayo 6502. Ubongo mkubwa wa Mega Drive ni chipu ya Motorola 68000, na pembeni ina msaidizi aitwaye Z80. Gemu iliyoandikwa kwa mmoja haieleweki kwa mwingine. Hata NES na Famicom, ambazo ni ndugu wa baba mmoja, kaseti zao haziingiliani: ya Famicom ina pini 60, ya NES ina pini 72.

Kwa hivyo kila bodi inabaki nzima na ubongo wake, na tundu lake la kaseti, na pedi zake. Vinavyounganishwa ni vitatu tu: umeme unaoingia, picha na sauti zinazotoka, na sanduku lenyewe.

Ni kama injini ya dizeli ya kinu cha posho. Injini ni moja. Asubuhi mkanda unazungusha kinu cha unga, mchana unahamishwa unazungusha mashine ya kupukuchua mahindi. Injini hubaki ileile, na mashine hufanya kazi moja kwa wakati mmoja.

JE, WENGINE WAMEWAHI KUFANYA HIVI?

Wamefanya, na hata makampuni yenyewe. Mwaka 1986 kampuni ya Sharp huko Japani iliuza Twin Famicom. Ilikuwa sanduku moja lenye Famicom ya kaseti pamoja na mashine ya diski, ambazo Nintendo ilikuwa inaziuza mbalimbali. Sega nao waliweka ndani ya Mega Drive vipande vya mashine yao ya awali, Master System. Ndiyo maana kwa kiunganishi kidogo tu cha juu, kaseti za zamani zilicheza. Na PlayStation 2 ya mwaka 2000 ilibeba ndani yake ubongo wa PlayStation ya kwanza, ndiyo sababu ilisoma diski za zamani.

Watu binafsi pia wamejaribu. Mwaka 2013, Uingereza, fundi mmoja anayejiita Bacteria alionyesha sanduku lenye mashine 15 za gemu, linalotumia umeme mmoja na televisheni moja. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka 3. Sisi hatuhitaji 15. Tatu zinatosha.

VIFAA

1. Adapta moja mpya ya volti 9 DC, ampea 2, ya aina isiyopandisha volti ikiwa haina mzigo. Adapta nzito za zamani zilizoandikwa volti 9 zinaweza kutoa hata 12 au 13 kabla hazijabeba mzigo. Pima kwanza.
2. Swichi ya kuzungusha yenye ngazi tatu na vituo vinne. Ngazi moja ni ya umeme, ya pili ya picha, ya tatu ya sauti. Kituo cha kwanza ni ZIMA, vingine ni mashine 1, 2 na 3. Hakikisha imeandikwa ampea 2 au zaidi. Swichi ndogo za redio nyingi hazibebi mzigo huo.
3. Fyuzi ya ampea 2 na kishikio chake.
4. Waya za kawaida za umeme mdogo, na waya za AV zilizofunikwa kwa wavu ndani, ili picha isiwe na mawimbi.
5. Mita ya fundi ya kupimia, chuma cha kuchomelea, na risasi yake.
6. Sanduku la mbao kutoka kwa seremala, lenye matundu chini na juu. Funika matundu kwa wavu wa mbu. Mende wanapenda sana joto la mashine.

Kwa nini adapta moja ya volti 9 DC inatosha zote tatu? Mega Drive na nakala yetu ya Famicom zilikuwa zinataka DC ya volti 9 au karibu na hapo. NES, ingawa adapta yake ilikuwa ya AC, ndani ina daraja la vipande vinne vinavyogeuza AC kuwa DC. Ukiipa DC moja kwa moja, inapita kwenye daraja hilo na kufanya kazi vizuri. Yaani NES inakubali zote mbili, Mega Drive haikubali. Na kwa sababu mashine moja tu huwaka kwa wakati mmoja, adapta haihitaji kubeba tatu pamoja. Inahitaji kumtosha yule mlaji mkubwa, ambaye ni Mega Drive, karibu ampea 1.2.

Kama mashine zenu ni za aina nyingine, usinakili hesabu yetu. Soma vibandiko vyenu.

KAZI YENYEWE

Hatua ya 1. Jaribu kila mashine peke yake kwanza, kwa adapta yake halisi. Usiunganishe mgonjwa na wazima, hutajua ugonjwa umetoka wapi.

Hatua ya 2. Safisha meno ya kaseti kwa pamba yenye spiriti. Ile tabia ya kupuliza kwa mdomo iacheni. Mate huleta kutu.

Hatua ya 3. Toa bodi kwenye plastiki zake, lakini acha vile vipande vya bati vinavyobeba joto. Vile vipunguza volti hupunguza 9 kuwa 5, na ile tofauti yote inakuwa joto. Ukiondoa bati, vitaungua.

Hatua ya 4. Funga kila bodi kwenye ubao kwa skrubu, na nafasi ya vidole viwili chini yake ipite hewa. Bodi zisigusane.

Hatua ya 5. Kutoka kwa adapta, waya wa chanya upite kwanza kwenye fyuzi, halafu swichi, halafu kwa kila bodi. Waya wa hasi uende moja kwa moja kwa bodi zote. Pima kwa mita kabla ya kuchomelea: weka swichi kwenye 1, uone kama volti 9 zinafika kwa mashine 1 peke yake, na chanya iko mahali pa chanya. Fanya hivyo hivyo kwa 2 na 3.

Hatua ya 6. Unganisha picha na sauti kupitia ngazi mbili zilizobaki za swichi. Usizifunge waya za picha za mashine tatu pamoja bila swichi. Ile iliyozimwa itavuta picha ya iliyowaka, na mtaona giza tu.

Hatua ya 7. Washa mashine moja kwa dakika 10. Zima, gusa. Ikiwa ni vuguvugu, sawa. Ikichoma mkono, tafuta kosa kabla hujaendelea. Ukihama kutoka mashine moja hadi nyingine, zima umeme ukutani kwanza, halafu zungusha swichi.

Hatua ya 8. Paka rangi. Hili ni muhimu sana. Pedi za Mega Drive na za nakala nyingi za Famicom zina kichwa cha aina moja chenye matundu 9, lakini waya zake ndani hazifanani, na ukizibadilisha unaweza kuharibu mashine. Sisi tulitumia rangi ya kucha: nyekundu kwa nyekundu, buluu kwa buluu. Hata mtoto asiyejua kusoma hakosei.

MAMBO YA HATARI

Usifungue televisheni ya zamani. Ndani kuna volti za maelfu, na zinaweza kukaa humo hata baada ya kuizima na kuichomoa. Mwachie fundi aliyefundishwa.

Usiweke ndani ya sanduku bodi ya mashine inayopokea volti 240 moja kwa moja, kama PlayStation ya kwanza au PlayStation 2 ile nene. Volti hizo ziko wazi kwenye bodi yake ya umeme, na zinaua. Mashine kama hiyo ibaki kwenye kasha lake, iunganishwe na televisheni tu.

Stima ikipotea, chomoa adapta. Inaporudi huweza kuja kwa kishindo.

Vipande vilivyokufa msivichome wala kuvitupa chooni. Vina risasi ndani. Weka kwenye debe, fundi atachagua vinavyofaa.

NA TELEVISHENI?

Wengine walitupa televisheni za mgongo Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, wakidhani zimekufa. Bila kisanduku cha dijitali haziwezi kushika stesheni, ni kweli. Lakini tundu la AV bado ni zima, na mashine hizi za zamani zilitengenezwa kwa televisheni kama hizo. Jihadhari tu na mashine ya Japani au Marekani. Mfumo wake wa rangi si wa PAL kama wetu, na kwenye televisheni nyingi za zamani picha itakuja bila rangi au itakimbia.

HESABU YA KWELI

Sanduku hili halitatufanya matajiri, na tusidanganyane. Vijana wa mjini Kitale na Bungoma wanataka mpira wa mashine mpya, na wengine wana gemu kwenye simu. Kabla hamjanunua chochote, andikeni pande mbili: upande mmoja bei ya vifaa, fundi, stima, kodi ya kibanda na kibali cha biashara cha kaunti, upande wa pili mapato ya wiki mnayoweza kupata bila kujidanganya. Tuseme kila gemu ni shilingi 10, na wanacheza 20 kwa siku, siku 2 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 400. Toeni gharama, muone kinachobaki. Kama mashine hamna tayari, jibu pengine ni kutonunua. Kama ziko kwenye katoni zimekufa, kuzifufua ni afadhali kuliko kuziacha zioze.

Tena wekeni sheria. Sisi hatufungui wakati wa masomo, na mchezo wa kuwekeana pesa ni marufuku. Wazazi walipoona hivyo, manung'uniko yalipungua.

Faida yetu kubwa haikuwa kwenye daftari la mapato. Yule kijana aliyechoma Mega Drive ndiye aliyechomelea waya nyingi za sanduku, fundi akiwa amesimama nyuma yake. Sasa anamsaidia fundi kutengeneza redio siku za soko. Deni lake lilifutwa na mkutano, na aliyetoa hoja lifutwe ni mama mweka hazina mwenyewe. Na tangu sanduku lianze kazi, hakuna adapta iliyokosewa, kwa sababu iko moja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mali ya kikundi chenu, ni kitu gani ambacho mtu yeyote anaweza kukiharibu kwa kukosea kidogo? Mnaweza kukipanga vipi ili kosa hilo lisiwezekane?
2. Mali ikiharibika mikononi mwa mwanachama wa zamu, nani alipe? Je, mmeandika hivyo kwenye katiba yenu?
3. Ni vitu gani katika kikundi vinafaa kutumiwa kwa pamoja, na ni vipi vibaki vya kila mtu?
4. Kuna fundi karibu nanyi anayeweza kufundisha kijana mmoja? Nani ataenda kumwuliza, na lini?